Usiku mmoja wa Dallas, unarudiwa na kurudiwa

Kama hujaiona The Thin Blue Line ya Errol Morris, filamu ya ukweli ya 1988 ambayo wahusika wenyewe wanahojiwa mbele ya kamera, nakuomba uitafute, na wala usiogope mimi kukusimulia stori yote hapa maana haikuharibii kitu. Nani aliua utaanza kuhisi mapema tu. Kinachokukaba koo ni ilikuwaje watu wazima, wasomi, wenye majoho na tai, wakakaa mahakamani wakamhukumu kifo mtu mwingine kabisa na wakarudi nyumbani kulala.

Stori yenyewe iko hivi. Randall Dale Adams, kijana wa miaka 27 kutoka Ohio, alikuwa safarini na kaka yake kuelekea California, wakapita Dallas, Texas, akapata kazi wakaamua wabaki kwanza. Jumamosi ya tarehe 27 Novemba 1976 gari lake linaishiwa mafuta njiani. Anatembea kwa miguu, dogo mmoja anasimamisha gari anampa lifti. Huyo dogo anaitwa David Ray Harris, ana miaka 16, katokea mji mdogo wa Vidor huko huko Texas, gari analoendesha kaliiba na bastola aliyonayo kaiba kwa baba yake, lakini hayo Adams hayajui. Wakashinda pamoja, wakanywa bia, wakavuta bangi, jioni wakaenda kwenye sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari (wazee wa Dar wanaikumbuka ile draivin ya Msasani, basi kitu cha namna hiyo). Adams anasema baada ya hapo alirudi motelini alikopanga na kaka yake, akaangalia tivii, akalala. Harris anasema hapana, tulikuwa wote mpaka usiku wa manane.

Usiku huo huo, imeshaingia tarehe 28, askari wa Dallas anaitwa Robert Wood anasimamisha gari la bluu ambalo halijawasha taa za mbele. Alikuwa anataka tu kumwambia dereva washa taa. Akapigwa risasi akafa pale pale barabarani, gari likaondoka.

Hapa ndipo filamu inapofanya kitu ambacho mimi sijawahi kukiona kikifanywa vizuri hivi. Ule usiku wanauigiza. Gari, taa nyekundu za polisi zinazunguka, askari anashuka, anatembea, anafika dirishani, mkono, risasi. Halafu mtu mwingine anaongea, na usiku unaigizwa upya, ila safari hii kiti cha dereva kina mtu mwingine, nywele nyingine, koti lingine. Anaongea wa tatu, unaigizwa tena. Muziki wa Philip Glass unazunguka nyuma yake hivyo hivyo bila kufika mahali. Mwanzoni unaona kama wanakuchosha, mbona tumeshaiona hii, halafu inakuingia taratibu kwamba mle ndani hakuna hata igizo moja linalodai hivi ndivyo ilivyotokea, kila moja ni maneno ya mtu fulani yamegeuzwa kuwa picha. Na uongo ukigeuzwa kuwa picha unaonekana kweli kabisa! Una taa, una barabara, una damu. Unauona kwa macho yako mwenyewe.

Mimi muvi za kesi nazipenda sana na nimeangalia nyingi, na nyingi zinakuonyesha mwanzoni kabisa jamaa hana hatia, basi kazi yako inabaki kumlilia tu. Hii inakufanyia kitu kigumu zaidi, inakukalisha pale walipokaa wale wananchi 12, wale wanaoitwa juri, na unajikuta na wewe unaanza kuamini shahidi kwa sababu tu ameongea vizuri na picha imekuja kichwani. Mimi ndipo nilipoelewa. Juri ya 1977 haikuwa na roho mbaya. Ilipewa picha moja tu, safi, haina mikwaruzo, na zile picha nyingine zikafichwa.

Ngoja niseme zilivyofichwa.

Mwenzake na Wood usiku ule alikuwa askari wa kike, Teresa Turko, na wakati huo wanawake wa kufanya doria Dallas walikuwa bado wachache mno. Utaratibu unataka askari wa pili ashuke asimame nyuma ya gari linalokaguliwa. Filamu inauliza, alishuka au alikuwa bado amekaa na kinywaji chake? Basi kile kikombe cha maziwa na aiskrimu wanakionyesha kinarushwa, kinaenda taratibu hewani, kinatua barabarani na maziwa yanasambaa. Kikombe tu. Lakini ukijua alikuwa amekaa wapi unajua aliweza kuona nini na hakuweza kuona nini, na ndiyo maana kamera haikiachii. Gari lenyewe alisema ni Chevrolet Vega, polisi wakahangaika na Vega wiki kadhaa, kumbe lilikuwa Mercury Comet. Na dereva, maelezo yake ya mwanzo na aliyoyatoa mahakamani hayafanani, mahakamani zile nywele zikawa zimesogea karibu na nywele za Adams.

Halafu kuna Emily Miller. Huyu alisema alikuwa anapita na mumewe kwenye gari, akamwona dereva, na mahakamani akamnyooshea kidole Adams. Sasa sikia. Siku chache tu baada ya mauaji, kwenye maelezo yake ya maandishi polisi, alisema aliyempiga risasi askari ni Mmexico au mtu mweusi wa maji ya kunde. Adams ni mzungu! Hiyo karatasi upande wa utetezi haukupewa mpaka yule mama ameshatoa ushahidi wake. Walipoipata wakataka aitwe tena ahojiwe, mwendesha mashtaka Douglas Mulder akaiambia mahakama kwamba hao mashahidi wameshaondoka, kumbe wako motelini pale pale Dallas. Na binti yake huyo mama alikuwa na kesi ya unyang'anyi ambayo baadae iliyeyuka.

Lakini kilichonifanya nisimamishe filamu ni pale huyo mama anapoulizwa kuhusu gwaride la utambulisho. Mahakamani alikuwa ameapa kwamba alimtambua Adams kwenye gwaride. Mbele ya kamera ya Morris anaongea kwa raha zake tu, kavaa vizuri, wala hajashurutishwa, anasema alichagua mtu asiye sahihi na askari aliyekuwepo akamwonyesha ni yupi. Anakisema kama anavyosimulia alichonunua sokoni. Miaka 12 ya maisha ya mtu ilikuwa imelala kwenye sentensi hiyo na kumbe hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hili la gwaride linanigusa, nisiwafiche. Mjomba wangu mmoja, mimi bado nikiwa mdogo, alisimamishwa kwenye gwaride kwa kesi ya unyang'anyi ambayo hakuihusu. Wanapangwa mstari, shahidi anapita mbele yao, anamgusa begani anayemtambua. Mama mmoja akapita, akarudi, akamgusa yeye. Alikuja kuachiwa baadae kesi ilipokufa, ila mjomba hata leo ukimuuliza habari hizo hasimulii sero wala chakula cha mahabusu, anasimulia uso wa yule mama. Anasema hakuwa na chuki hata kidogo, alikuwa na uhakika. Alikuwa ameibiwa kweli, ameumizwa kweli, na kwenye kichwa chake mwizi alishakuwa na sura ya mjomba.

Kwa hiyo ninapoona watu wanasema haya ni mambo ya Texas, ya makaburu wa huko, nasema hapana jamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililisema jambo hili kwenye kesi ya Waziri Amani mwaka 1980, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, mahakama isiutegemee mpaka imejiridhisha kwamba uwezekano wote wa kufananisha mtu umeondolewa. Mwanga ulikuwaje, ulimwona kwa muda gani, ulikuwa umbali gani, ulikuwa unamfahamu kabla? Mawakili wetu wanaitaja hiyo kesi kila siku mpaka leo. Sasa uweke hayo maswali kwenye ile barabara ya Dallas, usiku, Novemba, gari linapita, mtu anamwona dereva wa gari lingine kwa sekunde kadhaa. Hakuna kinachobaki.

Kuna swali linakuja lenyewe, kwa nini Adams? Maana Harris ndiye aliyerudi kwao Vidor akawatambia wenzake kwamba kaua polisi Dallas. Gari kaiba yeye, bastola kaiba yeye. Polisi walipomkamata akageuza, akasema nilikuwa natamba tu, aliyeua ni yule jamaa niliyempa lifti. Na wakamwamini. Wakili wa Adams anaeleza kwenye filamu bila kuzunguka, ameuawa polisi, mji unataka mtu afe kwa ajili yake, Harris ana miaka 16 na kwa sheria ya Texas hawezi kupewa hukumu ya kifo, Adams ni mtu mzima anaweza. Ukilisikia mara ya kwanza unasema hapana, haiwezekani mtu akachaguliwa kwa umri wake kama nguo inavyochaguliwa kwa saizi. Halafu unaangalia dakika zinazofuata na huoni maelezo mengine yanayoshika.

Ili mtu apewe kifo Texas ilibidi juri iambiwe kwamba huyu akiachwa ataua tena, na kwa kazi hiyo kulikuwa na daktari wa akili, James Grigson, aliyetoa ushahidi wa aina hiyo kwenye kesi nyingi mno mpaka akabatizwa Daktari Kifo. Alikaa na Adams muda mfupi, akamwambia achore maumbo, akamuuliza maana ya methali, akaondoka. Halafu akaapa mahakamani kwamba huyu hana majuto na ataua tena. Adams hakuwa na rekodi ya ukatili wowote. Mwaka 1995 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilimfukuza Grigson, lakini hiyo ni miaka mingi baada ya kazi kufanyika.

Na jaji, Don Metcalfe, anasimulia mwenyewe jinsi hotuba ya mwisho ya Mulder ilivyomgusa mpaka machozi yakamlenga, ile hotuba kuhusu polisi kuwa ule mstari mwembamba wa bluu unaotutenganisha na vurugu. Jina la filamu limetoka hapo. Mimi sina ubaya na jaji kuwa na moyo, ila pale nilitamani mtu amuulize, na huyo kijana wa Ohio naye uliwahi kumtazama?

Adams alipangiwa kufa tarehe 8 Mei 1979. Siku tatu kabla jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani akasimamisha, na Juni 1980 mahakama hiyo ikaitengua adhabu ya kifo kwa kura 8 kwa 1, sababu Texas ilikuwa inawaondoa kwenye juri watu wanaosita kuhusu kifo. Watu wanadhani hapo alipona. Sikiliza kilichofuata. Badala ya kesi kusikilizwa upya, ambapo yale maelezo ya Mmexico na gwaride yangeibuka, mwendesha mashtaka wa Dallas akamwomba gavana ampunguzie Adams adhabu iwe kifungo cha maisha. Gavana akakubali. Imekwisha, hakuna tena haja ya kesi mpya. Yaani ile huruma ndiyo iliyomfungia mlango, na kwenye karatasi inaonekana ni huruma kweli.

Morris hakumtafuta Adams hata. Mwaka 1985 alikuwa anataka kutengeneza filamu kuhusu Grigson, akawa anahoji wafungwa ambao daktari huyo aliwasemea, akakutana na Adams, kama wengine wengi naye akasema sikuua. Morris akaenda kusoma mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa, na kumbuka huyu jamaa aliwahi kufanya kazi ya upelelezi binafsi, anajua karatasi ikinuka. Akaanza kuwatafuta mashahidi mmoja mmoja.

Harris anaongea kwenye filamu kwa upole wa ajabu, kavaa shati la rangi ya chungwa, anatabasamu, unasema mbona kijana mzuri. Anasimulia hata kaka yake aliyezama majini wakiwa watoto. Saa nzima na zaidi unaona uso na mabega tu. Halafu karibu na mwisho anainua mkono ajikune kichwa na mikono inakuja yote miwili, ina pingu. Kumbe muda wote huo anaongea akiwa mfungwa, anasubiri kifo kwa mauaji mengine aliyoyafanya Beaumont mwaka 1985. Hakuna aliyesema neno wala muziki haukubadilika. Mkono tu umeinuka.

Mahojiano ya mwisho, Desemba 1986, kamera iliharibika, Morris akabaki na kinasa sauti. Kwa hiyo kilele cha filamu nzima hakina mtu, kina kile kikaseti kidogo kinazunguka, wanakionyesha upande huu na upande ule, na sauti mbili. Morris anamuuliza, Adams hana hatia? Harris anasema ndiyo, nina uhakika. Unajuaje? Kwa sababu mimi ndiye ninayejua. Hajasema niliua, hapana, lakini wewe ulishaona ule usiku ukiigizwa namna zote, na sasa hawaigizi tena, wamekunyima picha, na hapo ndipo unapoamini. Halafu anaongeza kitu ambacho nimekaa nacho kichwani muda mrefu, kwamba labda sababu ya Randall Adams kuwa jela ni kwamba usiku ule hakuwa na mahali pa kumlaza mtu aliyemsaidia. Dogo alitaka kwenda kulala motelini kwa akina Adams, hakupata nafasi. Basi. Mtu alihukumiwa kifo, na ukimuuliza aliyempeleka huko, sababu yake ni malazi.

Filamu ikatoka 1988. Oscar hata kuteuliwa haikuteuliwa, wengi wakasema ni kwa sababu ya zile sehemu za kuigiza, kwamba filamu ya ukweli haitakiwi kuigiza. Mimi na shemeji yangu tunabishana sana kwenye hili. Yeye anasema kanuni ni kanuni, ukishaleta waigizaji umeshatoka kwenye ukweli. Namwambia shemeji, mwendesha mashtaka naye aliigiza, tena mbele ya watu 12, tofauti ni kwamba Morris anakuonyesha kabisa kwamba hili ni igizo na linalofuata nalo ni igizo, pima mwenyewe. Hatujakubaliana na sidhani kama tutakubaliana.

Ila kilichofuata hakibishaniwi. Desemba 1988 Dallas wakafungua tena shauri, Harris akapanda kizimbani akakana ushahidi wake wa 1977. Tarehe 1 Machi 1989 mahakama ya rufaa ya jinai ya Texas ikatengua hukumu, na kabla mwezi haujaisha Adams akatoka na mashtaka yakafutwa. Harris aliuawa na serikali Juni 2004 kwa ile kesi ya Beaumont. Kwa kifo cha Wood hakushtakiwa kamwe, kwa hiyo familia ya yule askari, ambayo mara nyingi tunaisahau tunapoongelea stori hii, haikuwahi kuona aliyeua akihukumiwa kwa kumuua ndugu yao.

Adams alipotoka hakulipwa na Texas hata senti. Hakuwa amesamehewa rasmi wala kutangazwa hana hatia kwa namna ambayo sheria ilitaka, hukumu ilitenguliwa tu. Na kuna jambo watu wanapenda kulileta kumchafua, kwamba baada ya kutoka alimshtaki Morris, mtu aliyemwokoa, basi hana shukrani. Hebu fikirieni. Mtu ametoka jela mikono mitupu, miaka 12 imeenda, anagundua ile karatasi aliyosaini akiwa ndani ina maana haki za kusimulia maisha yake ziko kwa mtu mwingine. Alichotaka ni zirudi kwake. Wakamalizana nje ya mahakama, akazipata, akaandika kitabu chake, akawa anazunguka kuongea dhidi ya hukumu ya kifo. Alifariki Oktoba 2010 huko huko Ohio kwa uvimbe kwenye ubongo, akiwa na miaka 61, na aliishi kimya kiasi kwamba magazeti yalikuja kuandika habari hiyo mwaka uliofuata.

Mkiiangalia, pale kwa Emily Miller msikimbize mbele hata kama mnaona anaongea sana.